Konokono Amenichafulia Jina

Jirani, hivi nani aliwatuma watu walete sola? Tulikuwa tunaishi zetu vizuri hapa Kakese. Saa mbili usiku koroboi inazimwa, giza linaingia, ya ndani yanabaki ndani. Sasa kila nyumba ina balbu. Unaona mende. Unaona viraka vya shuka. Unaona na vitu ambavyo baba mwenye familia hakupaswa kuviona.

Kwani mwanaume anaangalia saa ngapi rangi ya shahawa zake? Haangalii. Zinaondoka, zinaenda kwenye shughuli zake, kwaheri. Hata mimi nisingejua. Ila sindano ya mama watoto ya uzazi wa mpango ilikuwa imepitiliza tarehe, nesi akampa kondomu za bure, akaja nazo kwenye mkoba. Tukatumia. Sasa kwenda kutupa, balbu si ikamulika! Kahawia. Kahawia kama maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu.

Nikazima taa.

"Mbona umezima?" mama watoto akauliza.

"Betri imeisha."

"Betri ya juzi?"

Mwanamke huyu anakumbuka tarehe ya kila betri.

Nikajiambia labda ni uchovu. Tulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, mgongo umekufa, labda na huko ndani kumechoka. Nikasubiri. Ikarudi kahawia. Nikasubiri tena, ikaja na uwekundu juu yake. Maumivu hakuna. Homa hakuna. Kidonda hakuna. Yaani ningeumwa hata kidogo ningejua nalalamikia nini. Mimi na uzoefu wangu wote wa kulalamika, nimekosa pa kuanzia!

Nikaenda kijiweni. Sikusema ni mimi, sina wazimu. Nilisema, "Nina rafiki yangu yuko Inyonga."

Wakanyamaza wote. Muuza kahawa akaacha kumimina. Mzee mmoja akanitazama kuanzia miguuni mpaka kofia, akasema, "Pole sana. Huyo rafiki yako wa Inyonga amevaa shati la rangi gani leo?"

Basi wakaanza. Mmoja anasema ni mapapai, punguza mapapai. Mwingine anasema umekaa muda mrefu bila mama, zimeozea ndani. Wa tatu anasema ni vumbi la Kongo hilo, umelamba vumbi la Kongo ukazidisha. Mimi vumbi ninalolijua ni la barabarani. Wa nne akashauri nichemshe mkuyati. Mkuyati wenyewe ukichemka maji yanakuwa mekundu, sasa nitajuaje kipi kimetoka kwangu na kipi kimetoka kwenye mti?

Mwisho wakakubaliana. Gono. Mzee baba amechepuka, amekutana na kitu kizito huko mjini Mpanda.

Sasa jirani, sikiliza ajabu hii. Walinipa heshima! Mimi huwa naambiwa sogea pale. Siku ile nilipewa kiti chenye egemeo. Kahawa nikalipiwa, kashata nikaongezewa. Kijana mmoja wa bodaboda akanipiga bega, "Kumbe na wewe umo, mzee!" Nilitaka kukataa. Lakini kiti kilikuwa kizuri.

Nikaenda duka la dawa. Na duka la dawa la mtaani kwetu unalijua, ukiingia una shida ya siri unamkuta mama mchungaji ananunua panado, mwenyekiti wa mtaa anabadilisha noti, na watoto wanataka pipi. Nikasubiri wapungue. Hawapungui. Wanaongezeka.

"Nikusaidie nini, baba?"

"Ile dawa."

"Ipi?"

"Ya wanaume."

Akatoa pakiti ya vidonge vya nguvu. Mama mchungaji akageuza shingo.

"Siyo hiyo, binti yangu. Ni ya... rangi."

"Aaa, gono!"

Alisema kwa sauti ambayo nadhani hata Sitalike waliisikia. Nikauziwa cipro. Dozi nzima hela haikutosha, nikachukua nusu. Kipimo hakuna, swali hakuna, shika chenji. Nikameza. Tumbo likavurugika, nikawa mtu wa chooni usiku kucha, na kahawia ikabaki kahawia.

Mama watoto naye alikuwa ameshapata taarifa. Kakese bwana! Mkoa wa Katavi tulipewa mwaka 2012, tukakatwa kutoka Rukwa. Barabara tukaahidiwa. Siri hatukuwekewa kwenye bajeti. Akaniwekea ugali bila mboga, akakaa pembeni.

"Ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo mwanamke."

Ningemtaja nani? Mimi kutwa niko kwenye majaruba, maji ya magotini, ninaoonana nao ni vyura na yange. Nikaapa. Nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Na ugali mkavu ukiuapia haushuki.

Alichosema baada ya hapo kilikuwa kifupi. "Utaenda kupimwa. Na mimi nakuja." Ndiyo safari ya mjini. Boda moja, mimi katikati, mama watoto nyuma, hatusemeshani mpaka Mpanda.

Hospitali yenyewe jina naliacha, maana waliniona vitu vingi pale. Foleni ndefu. Pembeni yangu akakaa mkulima mwenzangu, mzee mtu mzima, wa huku huku kwetu. "Kwema? Una tatizo gani?" Nikaona mzee mwenye heshima zake, siwezi kumtamkia yale maneno ya kijiweni. Nikatafuta neno la adabu.

"Mbegu zangu zimebadilika rangi, mzee wangu."

"Aisee! Za mwaka huu?"

"Za mwaka huu."

"Ulizihifadhi kwenye unyevu. Mimi nilishahama huko, natumia SARO 5. Inazaa vizuri, haianguki."

Nikasema asante. Akaendelea. Akaniambia nizianike juani. Akaniambia nizimwage kwenye ndoo ya maji, zinazoelea nitupe. Akaniambia bwana shamba anaweza kuja nyumbani kuziangalia bure. Mama watoto alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Mara ya kwanza tangu ule ugali.

Nikaitwa. Daktari ni kijana. Yaani kijana kabisa, mdogo kuliko mtoto wa dada yangu. Akasimama, "Shikamoo, mzee." Marahaba. Nikajisikia vizuri, nikasema huyu amelelewa. Akaniuliza maswali. Ilianza lini? Inajirudia? Mkojo una damu? Unachoma? Korodani zimevimba? Homa, kukonda, kukohoa? Mkojo unatoka vizuri au unasukuma? Uliwahi kuumia, uliwahi kupasuliwa? Unatumia dawa gani? Akanipima presha, kwa sababu presha ikipanda sana nayo inaweza kuleta damu huko. Jirani, mimi nilijua presha ni ya kichwa.

Halafu akauliza umri. Nikasema nimevuka 40.

Akavaa glavu.

Sitakueleza kila kitu. Kijana aliyeniamkia shikamoo dakika tano tu zilizopita akaniambia nilale kwa ubavu, nikunje magoti, nivute pumzi. Anapima tezi dume kwa kidole. Anasema mwanaume aliyevuka 40 akitoa damu kwenye shahawa, na hasa ikijirudia, tezi lazima iangaliwe, maana mara chache inakuwa saratani, na saratani ikiwahiwa inatibika. Nikavuta pumzi. Nikatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na bango la kunawa mikono. Nikalisoma lote. Nikalirudia.

"Tezi yako haina shida, mzee." Asante, mwanangu. Na mimi nilikuwa sina shida nayo.

Ndipo akanifundisha rangi. Na wewe sikiliza, maana nimelipia nauli ya watu wawili. Shahawa ya kawaida ni nyeupe yenye ukijivu. Ikitoka nzito ina vipande vya jeli ni sawa, inayeyuka yenyewe ndani ya nusu saa hivi. Sehemu kubwa ya maji yake hata haitoki kwenye korodani. Inatoka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na kwenye tezi dume. Kwa hiyo wale wa kijiweni wanaosema damu inatoka kwenye mapumbu yaliyochoka, waambie wakae.

Ikiwa njano kidogo, huenda umekaa muda mrefu bila tendo, au mkojo umechanganyika, au vitamini. Njano pamoja na macho ya njano, hiyo ni manjano ya ini, wahi. Rangi ya chungwa, uliza kwanza kama mtu anameza dawa za TB, maana rifampisini inageuza mkojo, jasho, machozi na hiyo pia, wala hakuna ubaya, asiache dozi. Njano nzito yenye harufu mbaya, au kijani, hapo kuna usaha, kuna maambukizi. Pinki au nyekundu ni damu mbichi. Kahawia ni damu iliyokaa.

Nikauliza, "Na papai?"

Akasema kula papai, mzee.

Akasema kijana chini ya 40 akiona damu mara moja tu, haumwi popote, mara nyingi inaisha yenyewe, lakini kupima mkojo na magonjwa ya zinaa hakumdhuru. Ikijirudia au ikifika wiki tatu nne, aje. Aliyevuka 40, aje. Mwenye homa, maumivu, usaha, damu kwenye mkojo, aje haraka. Mkojo ukigoma kabisa, au korodani ikivimba na kuuma ghafla, asisubiri kukuche. Na kabla ya majibu atumie kondomu, na asinunue dawa kwa kubahatisha, maana gono imeshazizoea nyingi, na hiyo cipro ikiwemo. Mama watoto akanitazama. Cipro nilikuwa sijamwambia.

Halafu akauliza kazi. Mkulima wa mpunga. Unaingia majini? Kwani mpunga unapandwa juu ya bati? Ulikulia wapi? Usukumani, baba alihamia huku na ng'ombe wake mimi nikiwa mdogo. Uliogelea kwenye malambo? Nani hakuogelea! Ulikojoa damu utotoni?

Nikacheka. Jirani, kule kwetu tukiwa wadogo, kukojoa damu tulijua ndiyo kukua. Asiyekojoa damu tulimwona bado mtoto. Tulikuwa tunashindana.

Daktari hakucheka. Akaandika. "Nenda maabara."

Maabara nilikuwa nimejiandaa. Mkojo nimekuja nao kutoka Kakese, wa alfajiri, kwenye chupa ya soda, umefungwa vizuri. Dada wa maabara akaitazama ile chupa hakuigusa. Akasema kwa kipimo hiki wanataka mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai ndiyo yanatoka kwa wingi muda huo. Mayai gani tena? Nimekuja na ugonjwa mmoja, sasa natagishwa! Akaniambia nikimbie kidogo kwanza, nizunguke jengo, ili yashuke. Na nikikojoa, matone ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, nisiyamwage.

Basi nikakimbia. Mtu mzima na kofia yangu. Napita mbele ya foleni, yule mzee wa SARO 5 ananipungia mkono. Nazunguka, napita tena, sasa wanapunga wote. Mtoto mmoja akaanza kukimbia na mimi.

Na wakati nakimbia nilikuwa naomba Mungu mayai yaonekane. Maana dada wa maabara alikuwa amesema yakikosekana kwenye mkojo yanaweza kutafutwa kwenye shahawa zenyewe, na nilikuwa nimeshaona kile choo cha wagonjwa. Mlango wake hauna komeo.

Yakaonekana. Yana mwiba mkiani, dada alinionyesha kwenye darubini. Gono hakuna, kaswende hakuna, virusi hakuna. Kichocho. Kichocho cha mkojo!

Jirani, mshukiwa ni konokono. Konokono mdogo wa majini, wala huwezi kumwona ukiwa unapandikiza. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini, mayai yanaangua, kijidudu kinaingia kwa konokono, kinazaliana humo, kisha vinatoka vingine kwa maelfu, hasa jua likiwaka, vinapenya ngozi ya mguu wako hata bila kidonda. Vinasafiri kwenye damu mpaka kwenye mishipa ya kibofu. Mayai mengine yanakwama kwenye tezi dume na vile vifuko, vinavimba, vinavuja damu. Ndiyo kahawia yangu. Kama niliipata kwenye malambo ya utotoni au kwenye majaruba ya hapa, daktari alisema haiwezekani kujua, maana minyoo hawa wanaishi mwilini miaka mingi.

Na siyo mambo mapya. Mjerumani mmoja, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo hawa Cairo mwaka 1851, ndani ya maiti. Watafiti nao wameshakuta mayai kwenye shahawa za wavuvi wa Malawi, ziwa lile lile letu la Nyasa. Na kwa wingi wa kichocho Afrika, Tanzania tunatajwa wa pili baada ya Nigeria. Tuna nafasi ya pili, halafu kijiweni wanajua gono tu!

Lililoniuma ni hili. Daktari anasema mnyoo dume ana mfereji tumboni, jike anaingia humo, wanakaa wamekumbatiana maisha yao yote. Hawaachani. Ndani ya mwili wangu kuna ndoa zimetulia miaka na miaka, hakuna ugomvi, hakuna ugali mkavu, mimi mwenye nyumba ndiye naitwa malaya.

Nikamgeukia mama watoto nisikie ananiomba msamaha. Hakuomba. Daktari akamgeukia yeye, "Na wewe, mama, unaingia shambani?" Nani anapandikiza mpunga Kakese, jirani? Wanawake. Wameinama kutwa nzima kwenye maji yale yale. Akamweleza kwamba mwanamke naye mayai yanakwama ukeni na kwenye mlango wa kizazi, anapata uchafu, anapata damu, anaumia wakati wa tendo, anatibiwa magonjwa ya zinaa kila mwaka haponi, na vidonda hivyo vinampa virusi njia rahisi. Mama watoto akawa kimya. Kisha akasema taratibu kwamba yeye amemezeshwa dawa za uchafu huko nyuma, na hakuniambia, aliogopa nitamuuliza ni nani.

Hapo na mimi nikanyamaza. Ilikuwa zamu yangu kuinama.

Akapimwa. Anacho. Tukapewa prazikwanteli wote wawili, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mimi nina kilo 60, vidonge vinne vya 600, vikubwa, vichungu, unakula kwanza. Yeye alipewa vingi kuliko mimi. Hilo nilitaka kulisemea, nikaona mboga yenyewe bado haijarudi kwenye ugali, nikameza. Tukaambiwa turudi baada ya wiki kadhaa, maana minyoo wachanga dawa hii haiwawezi vizuri, na rangi inaweza kuchelewa kusafika.

Nyumbani mtoto wa darasa la nne akaona pakiti. "Baba, na wewe umepewa dawa ya kichocho? Sisi tulipewa shuleni, tulipimwa urefu kwa fimbo. Mwalimu alisema tusicheze kwenye maji yaliyotuama, tusikojoe humo." Kumbe wote nyumba hii wanajua. Mtu wa mwisho kupata habari ni mimi, na ndiye nilikuwa na ugonjwa.

Kijiweni nako nikapeleka majibu. Nilitegemea shangwe.

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Ni konokono?"

"Konokono."

Yule kijana wa bodaboda akanitazama kwa masikitiko, akanyanyuka, akachukua kile kiti chenye egemeo akampa mtu mwingine. Kahawa nililipa mwenyewe. Ila wawili walinifuata pembeni kwa nyakati tofauti, kila mmoja ana rafiki yake yuko Inyonga, anauliza maabara inafunguliwa saa ngapi. Nikawaambia waende saa nne. Na wavae viatu vya kukimbilia.

Sasa mabuti ya mpira nimenunua, jozi moja, hela ndiyo ilikuwa hiyo. Anayavaa mama watoto. Mimi nasimama kwenye tuta, natoa maelekezo ambayo hakuna anayeyasikiliza. Na choo nimechimba kule pembeni ya shamba, kwa amri yake, maana aliniuliza siku zote huwa najisaidia wapi nikiwa huko, nikasema si humo humo, ni mbolea, urea mfuko bei yake si unaijua? Aliniangalia muda mrefu sana.

Kwa hiyo jirani, sikukusimamisha hapa kwa stori tu. Jaruba lako liko juu ya langu. Maji yanaanzia kwako ndipo yanakuja kwangu. Na juzi jioni nilikuona pale kwenye mfereji, umesimama, umetazama mbele, unapiga mluzi. Jembe langu lipo, nakuazima. Shimo futi kumi, udongo wenyewe laini. Ukimaliza kuchimba, pitia mjini ukapime, saa nne mpaka saa nane. Chupa ya soda usihangaike nayo, hawaipokei.